Mazoezi nyumbani: Tazama sakafu kabla ya kununua vyuma

MTU anayeamua kufanyia mazoezi ya viungo nyumbani aghalabu huanza kwa kununua vifaa. Hununua vyuma vya kunyanyua, kamba ya kuruka au baiskeli isiyokwenda, kisha ndipo huanza kutafuta pembe ya kuviweka.

Mpangilio huo huwagharimu wengi. Baada ya miezi michache vyuma huwa vimeshika kutu, vigae vimepasuka, na mwenyewe ameacha mazoezi kwa sababu ya maumivu ya magoti au kiuno. Kitu ambacho hakikutazamwa tangu mwanzo ni kile kilicho chini ya nyayo zake: sakafu.

Katika Mjambere, mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kisauni, kaunti ya Mombasa, suala hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingi zimesongamana, hewa ya pwani imejaa unyevu na chumvi, na mara nyingi maji ya matumizi hununuliwa kwa mtungi. Ushauri ulioandikiwa wakazi wa nchi za baridi, wenye gereji kubwa na sakafu kavu, hauwezi kufuatwa hapa bila kurekebishwa.

Makala haya yanaeleza hatua za kuandaa nafasi ya mazoezi katika nyumba ya kawaida ya Mombasa bara, na namna ya kuchagua matandiko ya sakafu yanayofaa.

Kwa nini nyumbani?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano.

Kwa anayetoka Kisauni alfajiri kuwahi kazi kisiwani na kurejea usiku baada ya kukwama katika msongamano wa magari wa Daraja la Nyali, nusu saa hiyo ni adimu. Kwenda ukumbi wa mazoezi na kurudi huongeza saa nyingine na nauli juu yake.

Wapo pia wasioweza kutoka hata wakiwa na muda. Wanawake wengi wa pwani hawapendi kufanyia mazoezi mahali penye wanaume, na kumbi zenye saa maalumu za wanawake hazipatikani kila mtaa. Wazee wenye kisukari au shinikizo la damu huambiwa na daktari watembeze viungo, lakini barabara za mtaani hazina njia za waenda kwa miguu zilizo salama. Isitoshe, visa vya magenge ya vijana wenye mapanga, ambavyo vimeripotiwa Kisauni mara kwa mara tangu miaka ya 2010, vimewafanya baadhi ya wakazi kuogopa kukimbia nje alfajiri na jioni.

Mwaka 2020 uliwafunza wengi thamani ya nafasi ya nyumbani. Kenya ilithibitisha kisa cha kwanza cha Covid-19 mnamo Machi 13 mwaka huo. Kafyu ya usiku ilianza Machi 27, na tangu Aprili 8 usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa ukapigwa marufuku kwa muda. Kumbi za mazoezi zilipofungwa, sebule na ua ndizo zilizobaki.

Zoezi ndilo huchagua sakafu

Hakuna tandiko moja linalofaa kila zoezi. Kabla ya kwenda dukani, ni vyema kila aliye nyumbani aseme atafanya nini hasa. Kwa jumla mazoezi ya nyumbani yagawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mazoezi ya chini: kunyoosha viungo, yoga, mazoezi ya tumbo na yale ya wazee au ya kina mama baada ya kujifungua. Haya hayana kishindo. Yanachohitaji ni wororo kiasi wa kuzuia magoti, viwiko na uti wa mgongo visiumizwe na saruji, na uso usioteleza.

Fungu la pili ni mazoezi ya kurukaruka: kamba, kukimbia papo hapo, densi na ndondi za kivuli. Anayekimbia, kila mguu unapogusa chini, hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 70 basi hupokea kishindo cha kilo 140 hadi 210, hatua baada ya hatua. Saruji haibonyei hata kidogo, kwa hiyo kishindo hicho hurudi kwenye kifundo, goti na nyonga. Fungu hili linahitaji tandiko linalobonyea kidogo na kurudi upesi.

Fungu la tatu ni kunyanyua vyuma. Hapa kinacholindwa si mwili pekee bali pia nyumba. Mnyanyuaji anahitaji sakafu imara isiyobonyea miguu ikatikisika, na wakati huohuo sakafu yenyewe ihifadhiwe chuma kinapoanguka. Katika mashindano ya kimataifa ya unyanyuaji, jukwaa huwa na upana wa mita 4 kwa 4. Si lazima mtu wa kawaida awe na jukwaa kama hilo, lakini kanuni yake inafaa kuzingatiwa: miguu ikae juu ya kitu kigumu, na chuma kiangukie kitu kinachomeza kishindo.

Kosa la kawaida ni kununua tandiko la fungu moja na kulitumia kwa fungu jingine. Povu nene lililo zuri kwa magoti ya mzee ni hatari kwa kijana anayechuchumaa na kilo 50 mabegani, kwa maana kifundo chake kitayumba.

Kupima nafasi

Nafasi ya kutosha mtu mmoja ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mita 2 kwa mita 2 zinatosha mazoezi mengi yasiyo na vyombo vikubwa. Njia rahisi ya kupima ni kusimama katikati, kunyoosha mikono pande zote na kuzunguka, kisha kulala chali na kunyoosha mikono juu ya kichwa. Popote mkono au mguu unapogusa meza, mlango au ukuta, hapatoshi.

Baada ya kupima chini, ni lazima kupima juu. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 akinyoosha mkono hufika zaidi ya mita 2. Akiruka, au akishika chuma mkononi, atahitaji nafasi zaidi. Katika nyumba nyingi za Mombasa kuna feni ya dari, na mabapa yake huning'inia chini ya dari yenyewe. Feni inayozunguka ni hatari kwa mkono ulioinuliwa na kwa kamba ya kuruka. Mahali pa mazoezi pasiwe chini ya feni moja kwa moja; pawe pembeni ili upepo ufike bila mabapa kufika.

Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, mahali panapofaa mara nyingi si chumbani. Ukumbi huwa na upepo unaopita kutoka mlango wa mbele hadi uani, ila ni njia ya watu wote, hivyo huhitaji tandiko la kukunjwa. Uani kuna mwanga na hewa, na pakiezekwa kipenu cha makuti au mabati hutumika hata wakati wa mvua. Makuti hupitisha joto kidogo kuliko mabati, ambayo saa za mchana huwaka kiasi cha kumchosha mtu kabla hajaanza.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, kitanda ndicho kikwazo. Akisogeza kiti na meza, huenda akapata mita 2 kwa mita 1 kando ya kitanda. Hiyo inatosha mazoezi ya fungu la kwanza na kuchuchumaa bila chuma, lakini kamba isirukiwe hapo.

Kuchunguza sakafu iliyopo

Sakafu ya kawaida ya Mjambere ni saruji iliyolainishwa, mara nyingine ikiwa imepakwa rangi nyekundu. Katika nyumba mpya na za ghorofa huwa ni vigae. Kila moja ina tabia yake, na kuna mambo matatu ya kuchunguzwa.

Jambo la kwanza ni usawa. Gololi au chupa ya mviringo iwekwe chini mahali kadhaa; ikibingirika yenyewe, sakafu ina mteremko. Mteremko mdogo hauna madhara kwa mazoezi ya kulala, lakini anayenyanyua vyuma akiwa amesimama juu yake atauelemeza mgongo upande mmoja siku baada ya siku.

La pili ni utelezi. Vigae vinavyong'aa huwa kama sabuni jasho likidondoka. Kigae kinachovutia sebuleni ndicho kibaya zaidi kwa mtu anayerukaruka peku.

La tatu, na ambalo husahauliwa zaidi, ni unyevu. Nyumba ambayo haikuwekwa karatasi nzito ya plastiki chini ya zege wakati wa ujenzi hunyonya maji kutoka ardhini. Masika, ambayo kwa kawaida hufikia kilele mwezi wa Mei, huongeza unyevu huo maradufu. Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Kipande cha plastiki safi, chenye upana wa nusu mita kila upande, hutandazwa juu ya sakafu tupu na kubandikwa kwa utepe kingo zote, kisha huachwa kwa saa 24.

Baada ya hapo plastiki hutazamwa kabla ya kubanduliwa. Ikiwa matone yako upande wa chini, au saruji imegeuka nyeusi, maji yanatoka ardhini. Ikiwa matone yako upande wa juu, unyevu uko hewani na dawa yake ni kufungua madirisha. Ikiwa pande zote ni kavu, tandiko lolote laweza kuwekwa. Jaribio hili lifanywe wakati wa mvua, si Januari na Februari ambapo kila sakafu huonekana kavu.

Sakafu yenye maji ya ardhini haifai kufunikwa moja kwa moja kwa tandiko la kudumu. Unyevu hukosa pa kutokea, kuvu huota chini, na chumba huanza kunuka. Kwa mwenye pumu, kuvu hiyo yaweza kuchochea ugonjwa aliokuwa akiukimbia. Nyumba ya aina hiyo itumie tandiko la kukunjwa na kuanikwa kila baada ya zoezi.

Matandiko na tabia zake

Mkeka wa ukindu. Huu ndio tandiko la asili la pwani, na hupatikana karibu kila nyumba. Ni wa baridi mwilini, hupitisha hewa na hukauka upesi. Udhaifu wake ni kwamba ni mwembamba, nao huteleza juu ya saruji na vigae. Ukitandikwa juu ya kitu chenye kushika, kama vile mpira mwembamba, hufaa kwa mazoezi ya kunyoosha viungo. Haufai kwa kuruka.

Mkeka wa yoga. Huu ni wa plastiki laini au mpira, wenye unene wa milimita 3 hadi 6 kwa kawaida, ingawa ipo minene zaidi. Hushika vizuri, hukunjwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Kwa mpangaji ndio chaguo la busara la kuanzia. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuongeza taulo lililokunjwa chini ya goti badala ya kununua mkeka mnene.

Vipande vya povu vinavyoshikana. Hivi huuzwa kwa vipande vya mraba, vingi vikiwa na sentimita 60 kila upande, vyenye meno ya kuunganishia. Unene wa milimita 10 hadi 20 hupunguza kishindo vizuri, na vipande ni vyepesi kubeba. Vipande 9 hutoa eneo la mita 1.8 kwa 1.8, na vipande 12 hutoa mita 1.8 kwa 2.4. Mnunuzi apige hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa pakiti huuzwa kwa idadi tofauti tofauti.

Povu lina mipaka. Chuma kizito kikiachwa juu yake huacha shimo lisilorudi, na jua kali hulifanya likauke na kupasuka. Aidha, mnamo 2010 Ubelgiji na Ufaransa zilichukua hatua dhidi ya mikeka ya povu ya watoto kwa hofu ya kemikali iitwayo fomamidi. Vipande vipya vyenye harufu kali basi vianikwe kivulini penye upepo kwa siku kadhaa kabla ya kutumika, hasa palipo na mtoto mchanga. Harufu isiyoisha ni sababu tosha ya kuvirejesha dukani.

Raba. Matandiko ya raba, mengi yakiwa yametengenezwa kwa magurudumu yaliyosagwa, ndiyo imara kuliko yote. Unene wa milimita 8 hadi 10 unatosha vyuma vya mkono na mazoezi ya kawaida. Anayenyanyua vyuma vizito na kuvitua kwa kishindo anahitaji milimita 20 au zaidi. Raba haitelezi, haibonyei ovyo na hudumu miaka mingi.

Hata hivyo ni nzito. Raba ya milimita 10 hukaribia kilo 10 kwa kila mita mraba, kwa hiyo nafasi ya mita 2 kwa 2 itahitaji karibu kilo 40. Hilo lihesabiwe katika gharama ya tuktuk au mkokoteni, na kwa mpangaji, katika taabu ya kuhama. Raba pia huacha madoa ya manjano yasiyofutika ikilazwa moja kwa moja juu ya zulia la plastiki. Mpangaji asiyetaka kulipishwa na mwenye nyumba atenganishe viwili hivyo kwa kitambaa kizito au mbao.

Mbao za plaiwudi. Ubao mmoja huwa na futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Mbao mbili zikipangwa kando kwa kando hutoa jukwaa la mita 2.44 kila upande. Plaiwudi ya milimita 18 ikilazwa na raba juu yake hugawanya uzito wa chuma na kulinda vigae. Adui zake mjini Mombasa ni wawili: maji na mchwa. Isilazwe kamwe juu ya sakafu iliyoshindwa jaribio la plastiki. Upande wa chini na kingo zake zipakwe rangi ya mafuta au dawa ya mchwa, na iinuliwe kila baada ya wiki kadhaa kuchunguza njia za udongo.

Zulia la nyuzi. Zulia la sebuleni hunyonya jasho, halikauki upesi katika hewa ya Mombasa, na hukunjamana mguu unapogeuka. Lisitumike isipokuwa kwa mtu aliyevaa viatu anayefanya mazoezi mepesi, na hata hapo libanwe kingo.

Godoro. Watu wengi hulala chini kwenye godoro la sponji kufanya mazoezi ya tumbo, kisha husimama juu yake na kurukaruka. Kulala kunaruhusiwa, kuruka hakuruhusiwi. Godoro humeza mguu na kugeuza kifundo.

Mchanga wa uani. Asiye na fedha ya tandiko na mwenye ua anaweza kuruka kamba juu ya udongo ulioshindiliwa uliofunikwa mchanga mwembamba. Kishindo hupungua sana. Mchanga mzito, kama ule wa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, hupunguza kishindo zaidi lakini huchosha misuli ya shavu la mguu na kano za kisigino. Anayeanza aende taratibu.

Kutandika bila kuharibu

Sakafu ifagiliwe na kukaushwa kabisa kabla ya kutandikwa. Punje moja ya mchanga chini ya raba, ikikanyagwa kila siku, hukwaruza kigae.

Vipande vianzie katikati ya nafasi kuelekea kuta, na paachwe mwanya wa karibu sentimita 1 ukutani. Povu na raba hutanuka joto likipanda, na visipoachiwa nafasi huinuka katikati na kuwa kikwazo cha kujikwaa. Gundi haihitajiki katika nafasi ndogo. Kingo zinazoinuka zibanwe kwa utepe wa kubandika pande mbili ambao hutoka bila kuacha alama.

Mlango wa chumba ujaribiwe kabla ya vipande vyote kupangwa. Tandiko la milimita 20 linaweza kuuzuia mlango usifunguke, na nafasi ya mazoezi isiyo na njia ya kutokea haraka ni hatari.

Kwa wakazi wa ghorofa, raba pekee haizuii kelele kufika chini. Kishindo husafiri kupitia zege hadi dari ya jirani. Tabaka mbili, yaani povu jembamba chini ya plaiwudi na raba juu yake, hupunguza sauti zaidi kuliko raba moja nene. Hata hivyo dawa bora ni makubaliano: jirani akijua kamba hurukwa saa kumi na mbili na nusu jioni, atavumilia kuliko akishtuliwa saa kumi na moja alfajiri.

Vyuma vya saruji na vya dukani

Vijana wa mitaani wamezoea kujitengenezea vyuma kwa kumimina saruji ndani ya mikebe miwili iliyounganishwa kwa bomba. Ubunifu huo huokoa fedha, lakini una masharti. Mikebe iwe sawa kwa ukubwa na ipimwe kwenye mizani baada ya kukauka, kwa kuwa tofauti ya kilo 2 baina ya upande mmoja na mwingine hupinda mgongo. Saruji iachwe ikomae kwa wiki nne huku ikinyunyiziwa maji siku za mwanzo. Bomba lishikwe ndani ya saruji kwa misumari au nondo zilizochomelewa. Bomba laini huchomoka na mkebe kuangukia mguu. Mwisho, mikebe ifungwe raba ya tairi kuukuu ili isimege sakafu.

Vyuma vya dukani navyo havitoroki chumvi ya bahari. Vile vilivyofunikwa raba au plastiki hudumu kuliko vilivyo wazi. Vilivyo wazi vipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya matumizi na kupakwa mafuta mepesi ya mashine, kisha mikono ifutwe kabla ya kuvishika tena. Visilazwe usiku kucha juu ya saruji. Viwekwe juu ya mbao au raba.

Usafi panapokuwa na uhaba wa maji

Mombasa hutegemea maji yanayovutwa kutoka mbali, zikiwemo chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mitaa mingi hukaa siku kadhaa bila maji mferejini. Tandiko linalohitaji kuoshwa kwa maji mengi basi litaishia kuwa chafu.

Utaratibu unaowezekana ni huu. Baada ya kila zoezi, jasho lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa wiki, tandiko lifutwe kwa kitambaa kilicholowekwa katika lita mbili za maji yenye sabuni kidogo, kisha lifutwe tena kwa maji matupu. Lisimwagiwe maji, kwa sababu yatakayopenya kwenye viungo hayatatoka. Mara moja kwa mwezi, na kila baada ya wiki mbili wakati wa masika, vipande viinuliwe ili sakafu ipate hewa. Vianikwe kivulini, si juani.

Anayefanya mazoezi atumie taulo lake mwenyewe chini ya kichwa na mgongo. Upele na mashilingi ya ngozi huenea upesi katika familia inayotumia mkeka mmoja wenye jasho.

Watoto, wazee na wagonjwa

Mtoto mdogo huvutwa na kitu chochote kinachobingirika. Vyuma vya mviringo visiachwe sakafuni. Vitengenezewe rafu ya chini, si ya juu, ili kikianguka kisianguke kutoka mbali. Kamba zitundikwe mbali na mkono wa mtoto.

Mzee anayefanya mazoezi ya kusimama awe karibu na ukuta au kiti kizito cha kushika, na ukingo wa tandiko uwe umeteremshwa ili asijikwae. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo au mimba amwone daktari kwanza katika zahanati au hospitali iliyo karibu. Mwenye kisukari asifanye mazoezi peku hata juu ya tandiko laini, kwani kidonda kidogo cha mguu asichokihisi chaweza kumgharimu mguu mzima.

Joto nalo lisipuuzwe. Saa bora ni asubuhi kabla jua halijapanda au jioni baada ya kupunga, madirisha yakiwa wazi. Maji ya kunywa yawe karibu. Anayehisi kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ghafla wakati wa joto asimame mara moja, akae penye upepo na kunywa maji.

Aanzie wapi mwenye kipato kidogo?

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Lakini si lazima kila kitu kinunuliwe siku moja. Mwezi wa kwanza, mtu afanye jaribio la plastiki, apime nafasi na kuanza kwa mkeka alio nao au wa yoga. Akiendelea kwa miezi miwili bila kukatiza, ndipo aongeze vipande vya povu iwapo anarukaruka, au raba iwapo ananyanyua. Vyuma vifuate mwisho.

Katika soko la Kongowea na kwa wauzaji wa mitumba, matandiko yaliyotumika hupatikana kwa bei nafuu. Mnunuzi akunje kipande kwa nguvu: raba inayopasuka au kutoa unga imezeeka. Anuse upande wa chini: harufu ya kuvu haitoki kwa kuosha. Akanyage kwa kisigino na kuondoa: povu lisiloinuka limekufa.

Kwa njia hiyo, anayegundua kwamba mazoezi ya nyumbani hayamfai atakuwa amepoteza mkeka mmoja tu, na atakayeendelea atakuwa na sakafu iliyo tayari kubeba vyuma vyake.